Shajara ya safari: Tokyo na milima ya Japani, mimi na shangazi

Februari 9

Tumeanza rasmi. Shangazi amefundisha jiografia miaka 31. Kila mwaka, mada ya Japani ilipofika, alichora vile visiwa vinne vikubwa ubaoni kwa mkono, bila kutazama kitabu, na hajawahi kukanyaga hata kimoja. Alistaafu mwaka jana. Jana usiku nilimpigia kumpa shikamoo, nikamwuliza kama bado anaitaka ile safari tuliyokuwa tukiizungumza tangu nikiwa mwanafunzi. Akanijibu: "Mwanangu, nataka niuone ule mji, halafu niione milima iliyoubana."

Neno hilo, "iliyoubana", nimeliandika juu kabisa ya daftari. Takriban robo tatu ya ardhi ya Japani ni milima na vilima, na watu wamejazana kwenye vipande vya tambarare vilivyobaki. Kipande kikubwa kuliko vyote ni tambarare ya Kanto, na hapo ndipo wanapoishi watu wapatao milioni 37, yaani Tokyo pamoja na miji iliyoungana nayo. Atakayeishia Tokyo ataona msongamano, lakini hataona kilichousababisha. Sisi tunataka vyote viwili, tukipanga wenyewe, bila wakala na bila kundi.

Muda tulionao ni usiku 12. Mgawo wangu wa kwanza: Tokyo usiku 9, milimani 3. Tarehe: kuanzia Novemba 12, kwa sababu miti ya Tokyo hugeuka rangi mwishoni mwa Novemba na shangazi amesema angependa kuiona.

Februari 23

Tarehe zimekufa. Milimani nilikuwa nimechagua bonde la Kamikochi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Chubu Sangaku, na leo nimesoma kwa makini: bonde hufunguliwa katikati ya Aprili na kufungwa Novemba 15. Baada ya hapo mabasi hayaendi, nyumba za wageni zinafungwa, theluji inachukua nafasi yake. Mpango wangu ulikuwa utufikishe huko Novemba 21.

Nilimweleza shangazi nikiwa nimenyong'onyea. Yeye akafurahi, kwa kuwa alipata cha kufundisha. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo vuli, msimu wa majani kugeuka rangi, haiji nchi nzima kwa siku moja. Inaanzia vileleni na kushuka taratibu. Huko juu Karasawa, kwenye mita 2,300, majani hugeuka mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Kamikochi, kwenye mita 1,500, ni katikati ya Oktoba kuelekea mwisho wake. Tokyo, karibu na usawa wa bahari, inangoja mpaka Novemba inakwisha. Hakuna wiki moja itakayotupa rangi za mjini na za mlimani kwa pamoja, lazima tuchague.

Tumechagua mlima. Oktoba. Miezi mingine tuliipitia haraka: Juni na nusu ya kwanza ya Julai ni mvua, katikati ya Agosti watu wote wanarudi makwao kwa sikukuu ya Obon, na mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei kuna mfululizo wa sikukuu unaojaza kila treni.

Machi 9

Shangazi ameniuliza swali la haki: kwa nini Kamikochi na si kwingine? Mlima Fuji uko karibu zaidi na Tokyo, na ndio anaoujua kila mtu. Nimeandika sababu ili tusiirudie hoja hii tena.

Fuji ina msimu wa kupanda, Julai hadi Septemba 10, na sisi tunakwenda Oktoba. Halafu goti la kulia la shangazi haliwezi kupanda hadi mita 3,776, na yeye mwenyewe hana hamu ya kufika kileleni. Anachotaka ni kukaa chini ya milima na kuitazama. Kamikochi imeumbwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo. Sakafu ya bonde ni tambarare, mto Azusa unapita katikati, na pembeni kuta zinapanda mpaka Okuhotaka, mita 3,190, mlima wa tatu kwa urefu Japani. Kutoka daraja la Kappa-bashi unaweza kutembea zaidi ya kilomita 10 kufuata mto bila kukutana na mwinuko wa maana. Magari binafsi hayaruhusiwi kabisa. Unaingia kwa basi au teksi. Na kwenye mita 1,500 hatuna haja ya kuogopa ugonjwa wa mwinuko, ambao kwa kawaida huanza kusumbua watu wanapovuka mita 2,500.

Kilichomaliza mjadala ni bwawa la Taisho. Mwaka 1915 volkano ya Yakedake ililipuka, tope likashuka na kuziba mto Azusa, maji yakajikusanya. Miti iliyokufia majini ilibaki imesimama. Shangazi alinyamaza kwenye simu, kisha akasema: "Miaka yote nimewafundisha watoto ziwa la namna hiyo kwa mchoro."

Machi 23

Nimetuma maombi ya malazi kwa tarehe za Oktoba 10 hadi 13, usiku tatu bondeni. Majibu matatu, yote ni samahani, pamejaa. Nyumba ya nne iliniandikia kwa upole ikinieleza sababu: Jumatatu ya pili ya Oktoba ni Siku ya Michezo, sikukuu ya kitaifa, na mwaka huu inaangukia tarehe 13. Wikiendi ya siku tatu, katikati ya msimu wa majani. Nusu ya Tokyo inataka kuwa pale ninapotaka kuwa.

Hapa nimekaa nikatafakari namna ninavyofanya kazi hii. Nimekuwa nikianza na Tokyo, naijaza siku hadi inafurika, halafu milima naipa mabaki. Lakini tazama nani anaweza kusogea. Tokyo iko wazi kila siku ya mwaka. Treni ikinipita inakuja nyingine baada ya dakika nne. Hoteli zikijaa mtaa huu, nahamia mtaa wa jirani. Milimani kuna nyumba chache, basi chache, jua linalozama mapema, na msimu wenye tarehe ya mwisho. Anayeweza kusogea ndiye asogezwe. Nimefuta ratiba yote. Sasa naandika usiku wa milimani kwanza, kwa kalamu ya wino, na mji nauzungushia pembeni kwa penseli.

Aprili 6

Ratiba mpya imeanza kupata umbo. Kamikochi: usiku wa Oktoba 15 na 16, Jumatano na Alhamisi, baada ya watu wa sikukuu kuondoka. Nafasi imepatikana siku moja baada ya kuomba! Vitanda viwili, chakula cha jioni na asubuhi ndani, mwendo wa dakika chache tu kutoka Kappa-bashi.

Wikiendi ya sikukuu tutabaki mjini. Na Jumatatu ile ya mwisho wa sikukuu, tarehe 13, ndiyo tutakayotoka Tokyo kwenda Matsumoto, mji ulio mlangoni mwa Kamikochi. Nimeichagua makusudi: siku hiyo umati unarudi mjini, sisi tunakwenda upande wa pili.

Aprili 27

Leo ndiyo siku niliyoipenda zaidi tangu tuanze, na heshima yote ni ya shangazi. Mimi nilikuwa natafuta kijiji cha kulala baada ya Kamikochi, ili tusirudi Tokyo kwa njia ileile. Nikaona bonde la Kiso, nikaona vijiji viwili vya zamani, Tsumago na Magome, na njia ya miguu ya kilomita 8 kati yao. Nikamtumia ramani. Baada ya saa moja akanipigia kwa sauti ya mwalimu aliyepata mwanafunzi mzembe: "Umeona jina la hiyo njia?"

Ni Nakasendo. Barabara ya kale iliyounganisha Edo, yaani Tokyo ya zamani, na Kyoto kwa kupita milimani, urefu wa kilomita zipatazo 530, na vituo 69 vya kupumzikia. Tsumago ni kituo cha 42, Magome cha 43. Na mwanzo wa barabara hiyo ni daraja la Nihonbashi, katikati ya Tokyo. Daraja la kwanza lilijengwa mwaka 1603. La mawe lililopo sasa ni la 1911, na juu yake inapita barabara kuu ya magari iliyojengwa kabla ya Olimpiki ya 1964. Hapo darajani kuna alama ya kilomita 0, ambapo barabara za nchi zinaanza kuhesabiwa.

Kwa hiyo mji na milima si safari mbili tulizozishona kwa treni. Barabara ni moja. Siku yetu ya kwanza kamili, Oktoba 10, tutasimama Nihonbashi. Wiki moja baadaye tutaikuta barabara hiyohiyo chini ya miti, imetandikwa mawe.

Kuhusu Tsumago nimejifunza jambo linalonigusa. Miaka ya 1960 kijiji kilikuwa kinakufa, vijana wameondoka. Wakazi waliamua kukitunza kama kilivyokuwa, na mwaka 1971 wakaweka agano la maneno matatu: wasiuze, wasipangishe, wasibomoe. Nyaya za umeme zimefichwa, na mchana magari hayapiti njia kuu.

Nimeomba usiku wa Jumamosi, Oktoba 18. Pamejaa. Ijumaa ya tarehe 17, wana chumba kimoja. Nimekichukua palepale.

Mei 18

Suala la goti. Karibu kila mshauri anasema: anzia Magome, maliza Tsumago, ndiyo njia rahisi. Nilikubali bila kufikiri. Leo nimechukua mistari ya kontua na kuhesabu. Magome iko kwenye mita 600 hivi. Kilele cha njia, mpakani mwa mikoa ya Gifu na Nagano, ni karibu mita 800. Tsumago iko mita 420 hivi. Ukianzia Magome unapanda 200 na kushuka 380. Ukianzia Tsumago unapanda 380 na kushuka 200.

Kwa mtu mwenye pumzi fupi, ushauri wao ni sahihi. Lakini shangazi pumzi anayo. Wiki tatu sasa tunafanya mazoezi kila Jumamosi, na kinachomsumbua ni mteremko. Akipanda anazungumza, akishuka ananyamaza na kushika fimbo kwa mikono miwili. Kwa hiyo tunakwenda kinyume na ushauri: Tsumago kwenda Magome, tunapanda sana, tunashuka kidogo.

Muda nimeupiga kwa kanuni ya Naismith, Mskoti aliyeiandika mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa kilomita 8 na mita 380 inatoa kama saa mbili na robo. Hiyo ni kwa mtu mwenye miguu mizuri asiyesimama popote. Nimempima shangazi kwenye tambarare: kilomita 3 na nusu kwa saa. Kwa mwendo wake inakuwa karibu saa tatu, na kwa kuwa hatapita maporomoko ya maji wala jiwe la njia bila kusimama, nimeandika saa nne na nusu. Tukiondoka saa 3 asubuhi, tutafika kabla ya saa 8 mchana, jua likiwa bado juu.

Na dubu. Wapo, dubu weusi wa Asia, Kamikochi na Kiso pia. Njiani kati ya Tsumago na Magome zimewekwa kengele ambazo mpita njia huzipiga ili dubu asikie na kuondoka zake, maana hatari kubwa ni kumshtua. Nilikuwa nimejiandaa kumtuliza shangazi. Akasema tu, "Nitazipiga zote."

Juni 15

Treni. Nitakuwa mfupi, kwa kuwa hesabu ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoogopa.

Watu wengi wakisikia Japani wanasikia Japan Rail Pass, tiketi moja ya kupandia treni nyingi kwa siku kadhaa. Hadi Septemba 2023 tiketi ya siku 7 ilikuwa yeni 29,650; Oktoba ya mwaka huo ikapanda hadi 50,000. Nimejumlisha nauli zetu moja moja: Shinjuku hadi Matsumoto kwa treni ya Azusa, Matsumoto hadi Nagiso, stesheni ya karibu na Tsumago, kwa treni ya Shinano, kisha Nakatsugawa, stesheni ya upande wa Magome, hadi Nagoya, na treni ya mwendokasi kutoka Nagoya hadi Tokyo. Jumla haifiki hata yeni 25,000 kwa mtu. Tunanunua tiketi za kawaida.

Jambo la kuangalia ni kadi ya Suica. Mjini unaigusisha tu getini na kupita, na inakufanya usahau kwamba tiketi zipo. Lakini kadi hizi zina maeneo yake, na safari haiwezi kuanzia eneo moja ikaishia eneo lingine. Ukiigusisha Tokyo, usitarajie kutokea nayo Nagiso. Tukitoka mjini, ni tiketi za karatasi.

Na fedha taslimu. Nyumba ndogo za vijijini mara nyingi hazipokei kadi za benki, kwa hiyo tutatoa yeni Matsumoto, kabla ya kuingia bondeni.

Julai 6

Jua. Sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tuna mazoea mabaya: tunaamini giza linaingia saa 12 na nusu, mwaka mzima, kama vile ni sheria. Katikati ya Oktoba, Matsumoto na Kiso jua linazama saa 11 na robo hivi jioni. Ndani ya bonde lenye kuta za milima kila upande, mwanga wa jua unaondoka mapema zaidi. Nimepitia kila siku ya milimani na kuchora mstari saa 9 alasiri: baada ya hapo hatuanzi mwendo wowote mpya. Nyumba ya Tsumago nayo imeandika kwamba chakula cha jioni ni saa 12 kamili na inaomba wageni wafike kabla ya saa 11. Kinachopikwa kinapikwa kwa idadi ya watu. Kuchelewa ni kuwavunjia heshima waliopika.

Baridi: Tokyo ikiwa nyuzi 20, hesabu ya shangazi inatoa 10 Kamikochi, na usiku joto linaweza kukaribia sifuri. Orodha ya nguo imebadilika. Hakuna koti moja zito. Kuna tabaka tatu nyepesi.

Julai 27

Tatizo la mwisho kubwa: tufani. Zinapungua Oktoba lakini hazijaisha. Kimbunga Hagibis kilipiga Oktoba 12, 2019, mto Chikuma ukafurika Nagano, na treni 10 za mwendokasi zikalowa zikiwa zimeegeshwa kwenye yadi yake. Hilo lilitokea katika wiki ileile tunayosafiri sisi, na katika mkoa huohuo.

Kwa hiyo ratiba lazima iwe na siku ya akiba. Swali ni iwekwe wapi. Nilikuwa nimeiweka mwishoni, Tokyo, kabla ya ndege. Inaonekana busara, lakini ukiitazama vizuri haiokoi kitu: mvua kubwa ikiziba njia ya Kamikochi tarehe 15, siku ya bure Tokyo tarehe 20 itanisaidia nini? Siku ya akiba ikae mlangoni mwa mahali penye hatari. Nimeihamishia Matsumoto. Tutalala huko usiku wa 13 na wa 14. Hali ikiwa shwari, tarehe 14 tunaitumia kwenye ngome nyeusi ya Matsumoto, ambayo mnara wake umesimama tangu miaka ya 1590 na ni mmoja wa minara mitano tu ya ngome iliyotangazwa hazina ya taifa. Treni zikisimama tarehe 13, tunasafiri tarehe 14 na hatujapoteza bonde. Ndani ya mji huo shangazi atazoea pia mwinuko wa mita 590 na hewa baridi kabla ya kupanda zaidi.

Gharama yake ni usiku mmoja wa Tokyo. Nimelipa bila kinyongo. Mgawo sasa: Tokyo usiku 4, nje usiku 6, Tokyo tena usiku 2. Linganisha na 9 kwa 3 za Februari.

Agosti 17

Viza. Fomu inataka ratiba ya siku kwa siku, na mahali pa kulala kila usiku. Miezi sita ya daftari hili iliingia kwenye ukurasa mmoja. Viza ya kuingia mara moja inadumu miezi mitatu tangu itolewe, kwa hiyo kuomba mapema mno ni kosa sawa na kuchelewa. Malazi yote nimeyachukua kwa masharti ya kufuta bila malipo, isipokuwa Tsumago, ambako niliahidi kwa barua na nimekusudia kuitimiza ahadi.

Kwa kuwa Jumamosi ya tarehe 18 Magome nako pamejaa, tutashuka kwa basi nusu saa hivi hadi Nakatsugawa na kulala karibu na stesheni. Ni hoteli ya kawaida, haina historia. Shangazi baada ya kilomita 8 atahitaji maji ya moto kuliko historia.

Agosti 31

Sasa, na sasa tu, Tokyo. Nimeshangaa jinsi ilivyojipanga yenyewe nilipoacha kuilazimisha.

Tunalala Ueno, kwa sababu treni ya kutoka uwanja wa ndege wa Narita inaishia hapo na makumbusho yako bustanini ng'ambo ya barabara. Masanduku makubwa yatabaki stoo ya hoteli siku zote sita tutakazokuwa nje. Milimani tunabeba begi la mgongoni tu, la shangazi lisizidi kilo 5.

Siku ya kwanza, baada ya Nihonbashi, tutapanda reli ya Yamanote na kukaa. Ni mzunguko wa kilomita 34.5 na vituo 30, na unarudi ulipoanzia baada ya saa moja hivi. Kwa mtu aliyechoka na safari ndefu, sijui njia bora ya kuusoma mji huu: umekaa, na mitaa inapita dirishani. Tutaepuka saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, watu wanapokwenda kazini.

Asubuhi yoyote itakayokuwa angavu tutakwenda kwenye jengo la serikali ya mji, Shinjuku, ghorofa ya kutazamia iliyoko mita 202 juu, bila kiingilio. Kutoka huko, hewa ikiwa safi, unaona tambarare yote imejaa nyumba mpaka inapokutana na milima, na Fuji upande wa magharibi. Hiyo ndiyo picha ambayo shangazi aliitamka Februari kwa neno moja.

Siku hiyohiyo tutafanya mazoezi ya stesheni ya Shinjuku. Inapitisha zaidi ya watu milioni tatu kwa siku na ina milango zaidi ya 200. Sitaki tuitafute njia ya Azusa kwa mara ya kwanza tukiwa na mabegi na dakika zinahesabika. Tutaitembea bila haraka, tutaweka alama, tutarudi.

Mlima Takao, ambao ungekuwa mazoezi mazuri karibu na mji, nimeuondoa. Siku zetu za kuuweza ni za wikiendi ya sikukuu, na umati wake ni uleule tunaoukwepa.

Septemba 13

Nimeandika haya kabla jua halijachomoza. Viti vya treni hufunguliwa mwezi mmoja kamili kabla ya safari, saa za Japani zikisoma 10:00. Japani imetutangulia saa sita. Kwa hiyo nilitega kengele, nikaamka, nikaangalia saa ya ukutani kwangu, nikajiambia kwa Kiswahili: saa kumi alfajiri. Nikaangalia saa ya Tokyo kwenye skrini: kumi.

Ilinichukua muda kuelewa nilichokiona. Sisi huhesabu saa kuanzia kuchomoza kwa jua, tukiwa saa sita nyuma ya kinachosomwa kwenye uso wa saa. Tokyo iko saa sita mbele yetu. Sita na sita ni kumi na mbili, mzunguko mzima wa uso wa saa. Saa tunayoitamka hapa Afrika Mashariki, wakati wowote wa mchana au usiku, ndiyo namba inayoonyeshwa na saa za Tokyo muda huohuo. Nilimpigia shangazi palepale, naye alikuwa macho akingoja habari za viti. Alinyamaza, akahesabu, akacheka kwa furaha ambayo sijaisikia siku nyingi. "Miaka thelathini na moja ya kufundisha longitudo," alisema, "na hilo sikuliona."

Viti: viwili, dirishani na pembeni yake, Azusa ya Oktoba 13.

Septemba 28

Viza zimetoka. Viti vya kurudi kutoka Nagoya, tarehe 19, vimepatikana. Kila usiku una mahali pake.

Jana tulifanya mazoezi ya mwisho, kilomita 9 na mabegi yamejaa kama yatakavyojaa. Shangazi alitumia saa tatu na dakika 20. Kwenye mteremko aliomba tupumzike mara moja tu.

Ametununulia madaftari mapya, lake likiwa la kijani na langu la bluu. Ukurasa wa kwanza wa lake ameshauandika: tarehe Oktoba 10, na chini yake, "Nihonbashi, kilomita 0." Ukurasa uliobaki ameuacha mtupu, isipokuwa ramani ndogo pembeni, aliyoichora kwa mkono bila kutazama kitabu.

Yaliyobaki: soksi za sufi za shangazi, kilinda goti cha akiba, na barua kwa nyumba ya Tsumago kuwathibitishia kwamba tutafika kabla ya saa 11 jioni.